Kipimo cha mikroRNA kinaanzia kwenye sindano

Chukua vichupa viwili vya damu vyenye vifuniko vya zambarau, viweke kwenye mashine ya kuzungusha, subiri dakika kumi kisha uvitoe. Chembe nyekundu zitakuwa zimetuama chini, na juu yake utaona plazima, majimaji ambayo kwa kawaida huwa na rangi ya manjano iliyopauka. Katika vichupa vyetu hivi viwili plazima ina wekundu mwepesi, kama juisi ya rozela iliyozimuliwa kwa maji mengi.

Kichupa cha kwanza ni cha mtu mzima mwenye afya njema. Damu yake ilivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, kisha kichupa kikatikiswa wakati kilitakiwa kupinduliwa taratibu. Cha pili ni cha mtoto mwenye malaria kali. Chembe nyekundu zimepasuka kwa wote wawili, ila za yule mkubwa zimepasukia mikononi mwetu, na za mtoto zimepasukia ndani ya mishipa yake. Maabara inayotafuta mikroRNA, vipande vifupi mno vya RNA vinavyodhibiti kazi ya jeni, kama kiashiria cha ugonjwa ina kanuni moja kwa vichupa vyote viwili: plazima ikiwa nyekundu, usiitumie.

Tunasikia sana siku hizi kwamba tone la damu litatosha kugundua saratani, maradhi ya moyo na maambukizi kabla dalili hazijaonekana, na kwamba mikroRNA ndizo zitakazotupa habari hizo. Naamini sehemu kubwa ya ahadi hiyo inaweza kutimia. Lakini vipimo vingi vinavyotangazwa vimejengwa juu ya damu ya watu wasioishi na malaria wala selimundu, na tukivipokea hivyo hivyo vitatupa majibu yenye namba nzuri na maana mbovu. Kuliona hilo kunahitaji kufuata kipimo hatua kwa hatua, kwa maana kosa huingia mapema kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1993 maabara mbili za Marekani, ya Victor Ambros na ya Gary Ruvkun, zilichapisha matokeo kuhusu mnyoo wa udongoni aitwaye C. elegans, mwenye urefu wa milimita moja tu. Jeni lake moja, lin-4, halikutengeneza protini yoyote. Lilitoa kipande kifupi cha RNA chenye herufi kama 22, na kipande hicho kilijibandika kwenye ujumbe wa jeni jingine na kuuzuia usigeuzwe kuwa protini. Kwa miaka saba wengi waliona kuwa hiyo ni ajabu ya minyoo peke yake. Mwaka 2000 ikapatikana mikroRNA nyingine, let-7, na ikabainika kuwa ipo karibu sawasawa kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.

Uhusiano na ugonjwa ulijitokeza mwaka 2002. Kundi la Carlo Croce na George Calin, likichunguza aina moja ya saratani ya damu inayowapata zaidi wazee, liliangalia kipande cha kromosomu ya 13 ambacho mara nyingi hukosekana kwa wagonjwa hao. Kwa miaka mingi watu walikuwa wametafuta humo jeni la protini bila mafanikio. Walichokikuta ni mikroRNA mbili, miR-15a na miR-16-1. Iweke akilini miR-16, maana itarudi.

Kisha ukaja mwaka 2008. Maabara ya Muneesh Tewari mjini Seattle ilionyesha kuwa mikroRNA zinaelea ndani ya plazima na hazioozi upesi. RNA ya kawaida ukiitia kwenye damu huliwa na vimeng'enya kabla hujageuka, lakini hizi zilivumilia saa 24 kwenye joto la chumba, na zilivumilia pia kugandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa. Katika utafiti huohuo, wanaume 25 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa walilinganishwa na wanaume 25 wazima, na miR-141 ikawatofautisha. Siri ya uvumilivu huo ilielezwa baadaye: nyingi kati ya mikroRNA za kwenye damu zimeshikwa na protini ya Argonaute2 inayozikinga, na sehemu nyingine husafiri ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli. Kila aliyewahi kufanya kazi na RNA, ambayo hata jasho la kidole huiharibu, anaelewa kwa nini habari hiyo iliwasisimua watu namna ile. Utitiri wa makala ukafuata.

Sasa tuingie maabara. Ugumu wa kwanza ni ufupi wa kitu chenyewe. PCR, mbinu ya kunakili DNA maradufu, mzunguko baada ya mzunguko, ambayo wengi tuliisikia wakati wa korona, inahitaji vianzishi, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojibandika kwenye ncha mbili za kitu unachokitafuta. Kianzishi kimoja kina herufi kati ya 18 na 24. MikroRNA nzima ina herufi 22. Ni sawa na kutaka kushika kijiti cha kiberiti kwa mikono miwili: ukishika kwa mkono mmoja tu, hakuna nafasi iliyobaki.

Ugumu wa pili ni ufanano. Itazame familia ya let-7 ya binadamu:

let-7a: UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU
let-7c: UGAGGUAGUAGGUUGUAUGGUU
let-7f: UGAGGUAGUAGAUUGUAUAGUU

Kati ya a na c kuna tofauti ya herufi moja, ya 19. Kati ya a na f ni herufi moja pia, ya 12. Kipimo kinachodai kupima let-7a pekee lazima kiione herufi hiyo moja kati ya 22, katika damu iliyojaa ndugu zake wote.

Mbinu ya zamani ya Northern, iliyotumika kugundua lin-4 yenyewe, haikupata shida kubwa ya kuaminika. Unatenganisha RNA kwa ukubwa ndani ya jeli, unaihamishia kwenye utando, unaitafuta kwa kipande chenye alama. Unaiona kwa macho yako, na unaona kama ni kipande kilichokomaa au kile kirefu ambacho bado hakijakatwa. Tatizo ni kwamba inadai mikrogramu kadhaa za RNA kwa sampuli moja, kiasi ambacho plazima ya mgonjwa haina. Kwa kazi ya hospitali haifai.

Suluhisho lililokubalika zaidi lilichapishwa mwaka 2005: kianzishi chenye umbo la pini ya nywele. Ncha yake inashika herufi chache tu za mwisho wa mikroRNA, kama sita hadi nane, na mwili wake uliojikunja unaongeza urefu, hivyo kimeng'enya kikinakili, kijiti cha kiberiti kinakuwa fimbo unayoweza kuishika pande zote. Ni ubunifu wa kupendeza kweli. Lakini rudi kwenye zile herufi. Kianzishi hiki kinasoma mwisho wa mikroRNA, kwa hiyo kinatofautisha vizuri a na c, ambazo tofauti yake iko mwishoni. Tofauti ya a na f iko katikati, mahali ambapo pini haifiki, na kazi yote inaachiwa kianzishi cha upande wa pili. Mtu akikuuzia vitendanishi kwa maneno kwamba ni sahihi kwa herufi moja, muulize herufi ipi.

Njia nyingine ni kuishonea kila RNA fupi mkia wa herufi A nyingi, kisha kunakili zote kwa kianzishi kimoja. Faida yake ni kwamba kunakili mara moja kunatosha kupima mikroRNA nyingi, jambo zuri pale plazima ni kidogo. Hasara ni kwamba uteuzi wote unabaki kwenye PCR yenyewe, ndiyo maana watengenezaji huongeza kwenye vianzishi nyukleotidi zilizofungwa kikemia ili zishike kwa nguvu zaidi na zikatae upesi palipo na herufi isiyolingana.

PCR ya matone, inayogawa sampuli kwenye matone yapatayo 20,000 na kuhesabu mangapi yamewaka, huondoa haja ya mstari wa kulinganishia na inastahimili uchafu zaidi. Kwa idadi ndogo za mikroRNA ndiyo ningeichagua, kama fedha zipo. Usomaji wa herufi zote kwa mashine za kisasa una sifa ya kugundua usichokitarajia, hata mikroRNA iliyopungua au kuongezeka herufi moja nchani. Lakini kabla ya kusomwa kila kipande kinaungwa viambata kwa kimeng'enya, na kimeng'enya hicho kina upendeleo: vipande vingine kinaviunga upesi, vingine kinaviruka. MikroRNA mbili zenye wingi sawa zinaweza kutoka na hesabu zilizoachana mara kumi au zaidi. Kwa hiyo unaweza kulinganisha miR-21 ya mgonjwa huyu na miR-21 ya yule, lakini ukisema miR-21 ni nyingi kuliko miR-122 kwa sababu imesomwa mara nyingi zaidi, umesema kitu ambacho mashine haikukuambia.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na kundi la Ghent, Ubelgiji, walipeleka sampuli zilezile kwenye mifumo 12 ya kibiashara ya kupima mikroRNA. Hakuna uliokuwa bora kwa kila jambo. Uliokuwa mkali wa kuona kidogo ulilegea kwa ufanano, na kinyume chake. Namba ya mfumo mmoja haihamishiki kwenda kwenye mwingine. Jambo hilo lina maana kubwa kwa hospitali: huwezi kuchukua kiwango cha hatari kilichowekwa kwa mashine fulani ukakitumia kwenye mashine uliyonayo wewe.

Hata hivyo, tofauti za mashine ndizo nyepesi. Hebu tumsikilize Narry Kim wa Seoul, mmoja wa wanasayansi mahiri kabisa katika fani hii. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha kuwa mikroRNA kadhaa, ikiwemo miR-141, huoza pale seli zinapobanduka kwenye sehemu zilipojishikiza. Mwaka uliofuata waliiondoa makala hiyo wenyewe. Walikuwa wamegundua kuwa tatizo lilikuwa kwenye dawa ya kuvuna RNA, ile inayotumika karibu kila maabara duniani: seli zikiwa chache, RNA fupi zenye G na C chache hupotea wakati wa kuvuna, na nyingine hubaki. Seli zilizobanduka zilikuwa chache zaidi. MikroRNA hazikuoza, zilimwagwa na maabara yenyewe. Wakaieleza dunia kosa hilo wazi, ili wengine wasilirudie. Binafsi nalihesabu tendo hilo kuwa moja ya huduma kubwa zaidi walizoifanyia fani hii. Na tazama ni mikroRNA ipi: miR-141, ileile ya tezi dume. Plazima ina RNA kidogo sana. Mtu anayelinganisha plazima yenye RNA nyingi na yenye RNA kidogo anaweza kupata tofauti ya miR-141 isiyotokana na ugonjwa wowote.

Twende nyuma zaidi, kwenye kichupa. Ukitumia chenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, heparini itaandamana na RNA na kuizuia PCR, na mgonjwa ataonekana hana kitu. EDTA, ile ya vifuniko vya zambarau, ndiyo salama zaidi. Ukiacha damu igande ili upate seramu, chembe sahani zitamwaga mikroRNA zake wakati wa kuganda. Ukizungusha damu mara moja tu, chembe sahani nyingi zitabaki kwenye plazima, ukigandisha zitapasuka, na utakuwa umepima chembe sahani ukidhani unapima moyo. Kuzungusha mara mbili ni kazi ya dakika chache. Tafiti nyingi hazikufanya hivyo, na nyingine hazikuandika kama zilifanya.

Halafu ndizo chembe nyekundu. Zimejaa miR-451 na miR-16, kwa wingi kiasi kwamba hata mpasuko mdogo usioonekana kwa macho hubadili hesabu ya plazima yote. Hapa ndipo miR-16 inaporudi, kwa sababu watafiti wengi waliichagua kuwa kipimo cha kulinganishia: waligawanya kila kitu kwa miR-16 wakidhani haibadiliki. Mgonjwa aliyechomwa sindano vibaya alipata miR-16 ya juu, na mikroRNA zake nyingine zote zikaonekana zimeshuka. Mwaka 2012 maabara ileile ya Tewari ilikagua mikroRNA 79 zilizokuwa zimetangazwa kuwa viashiria vya saratani ndani ya damu. Kati ya hizo, 46 zilikuwa nyingi ndani ya chembe za damu zenyewe. Waliofungua mlango mwaka 2008 ndio waliosimama mlangoni miaka minne baadaye kuwaonya watu.

Kinga iliyobuniwa ni rahisi. Unaweza kupima mwanga wa nanomita 414, ambao himoglobini huunyonya. Au unatumia PCR kulinganisha miR-451 na miR-23a, ambayo haitikiswi na mpasuko: tofauti kati yake ikizidi mizunguko 7 au 8, sampuli inatiliwa shaka. Tukumbuke kila mzunguko ni maradufu, kwa hiyo mizunguko 7 ni zaidi ya mara mia. Vilevile huongezwa mikroRNA ya kutengenezwa, mara nyingi cel-miR-39 ya yule mnyoo wa udongoni, kwa kuwa binadamu hana, ili kujua ni kiasi gani kimepotea wakati wa kuvuna. Inatiwa baada ya kemikali kuua vimeng'enya vya damu, la sivyo inaliwa papo hapo. Nafurahi kila nikiiona kwenye orodha ya vitendanishi: mnyoo uliotufundisha mikroRNA ni nini umerudi kutulinda tusijidanganye.

Kinga hizi zote zimebuniwa zikichukulia kuwa chembe nyekundu zikipasuka, ni kosa la mshika sindano. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Chembe zao hupasuka kila siku ya maisha yao. Malaria nayo hupasua chembe. Tukitumia kanuni ya kutupa plazima nyekundu, tutawatupa watoto hao kutoka kwenye kila utafiti, halafu kipimo kitakachotokana na utafiti huo tutawaletea wao kama kimethibitishwa. Tusipoitumia, tutawachanganya walioumwa na waliochomwa vibaya. Hakuna mashine ya kututoa hapo. Kinachotutoa ni taarifa: saa ya kuchoma, saa ya kuzungusha, idadi ya majaribio ya kupata mshipa, himoglobini ya mgonjwa, majibu ya malaria, hali yake ya selimundu. Ni mambo ambayo mtaalamu wa maabara anaweza kuyaandika kwa kalamu kwa dakika mbili, na thamani yake inazidi ya kihisio chochote kipya.

Wakati huohuo, miR-451 tunayoiita uchafu ina habari yake. Mwaka 2012 ilionyeshwa kuwa katika chembe nyekundu zenye himoglobini ya selimundu, miR-451 huingia ndani ya kimelea cha malaria na kuzuia baadhi ya ujumbe wake usigeuzwe protini. Kimelea hicho hakina mtambo wa mikroRNA wa kwake. Hiyo ni sehemu ya maelezo ya kwa nini wenye nusu ya selimundu, yaani waliorithi jeni lake kwa mzazi mmoja tu, hupona malaria kwa urahisi zaidi. Damu inayotupwa kwa sababu imechafuka ingeweza kuwa damu inayotufundisha.

Viko vipimo vya mikroRNA vilivyofaulu, na inafaa kuuliza kwa nini. Katika saratani ya korodani, utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 616 na watu 258 wa kulinganisha, ulipata kuwa miR-371a-3p ya kwenye damu ilitambua asilimia 90.1 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 94.0 ya wasio nao. Viashiria vya kawaida vya saratani hiyo viko mbali nyuma. Kwenye ini, miR-122 peke yake ni karibu asilimia 70 ya mikroRNA zote za seli za kiungo hicho, na watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa kwa mtu aliyekunywa parasetamoli kupita kiasi hupanda mapema, hata pale ALT, kimeng'enya kinachopimwa kwa kawaida kuangalia ini, ikiwa bado kwenye kiwango cha kawaida. Zote mbili zinatoka mahali pamoja panapojulikana, chembe za damu hazizitoi kwa wingi, na zikipanda hupanda kwa kishindo. Zile zilizoshindwa, nyingi zilitafuta ongezeko la mara moja na nusu la kitu ambacho chembe nyekundu zinakimwaga kwa ndoo.

Kwa hiyo ningekuwa napanga fedha za utafiti katika ukanda wetu, ningeanza na mikroRNA ambazo mwili wa binadamu hauzitengenezi kabisa. Virusi vya kwanza kujulikana kutengeneza mikroRNA ni EBV, yaani virusi vya Epstein-Barr, mwaka 2004, na ziligunduliwa katika seli za limfoma ya Burkitt zilizoambukizwa virusi hivyo. Historia yake ni yetu. Daktari Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huo, uvimbe wa mataya ya watoto, mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, na virusi vyenyewe vilionekana mwaka 1964 kwenye seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Leo tunajua vinatengeneza mikroRNA zaidi ya 40. Mwaka 2017 watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mikroRNA za binadamu na za EBV kutoka kwenye uvimbe wa watoto wa Kenya. Chembe nyekundu ikipasuka, haimwagi mikroRNA ya EBV. Ugomvi wote wa plazima nyekundu unapungua uzito.

Hilo halimaanishi kazi imekwisha. Karibu kila mtoto wa kwetu ameambukizwa EBV akiwa mdogo, kwa hiyo kuwepo kwake si ugonjwa, na itabidi wingi wake ndio useme. Pia mikroRNA ya EBV ina mpinzani mwenye nguvu, DNA ya EBV kwenye plazima. Huko Hong Kong ilitumika kupima wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha inagundua saratani ya nyuma ya pua mapema. DNA ni rahisi zaidi kuipima. MikroRNA ya EBV itakuwa na haki ya kuingia hospitali ikionyesha jambo ambalo DNA haionyeshi, kwa mfano kutofautisha uvimbe na maambukizi ya kawaida.

Minyoo nayo ina mikroRNA zake. Mwaka 2014 zilipatikana za minyoo ya kichocho kwenye seramu ya watu walioambukizwa, zikiwemo bantam na miR-277. Kwa vijiji vya kando ya Ziwa Victoria hilo linavutia, ila tayari kuna kipimo cha mkojo cha kichocho cha tumbo kinachotoa jibu kijijini bila umeme, na sioni PCR ikikishinda kwa bei. Usubi ulitoa somo kali zaidi. Mwaka 2017 watafiti walihesabu ni mikroRNA ngapi za minyoo wa usubi zinazoweza kufika kwenye plazima ya mgonjwa, wakakuta ni chache mno kuweza kutumika kwa utambuzi, na wakachapisha matokeo hayo kama yalivyo. Hesabu ya aina hiyo ingefanywa kabla ya kila mradi mpya, fedha nyingi zingeokoka.

Mashine zipo zaidi ya tunavyojipa sifa. GeneXpert za kifua kikuu zimefika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na wataalamu wetu walijifunza PCR kwa wingi wakati wa korona. Tunachokosa ni akiba ya plazima ya wagonjwa wetu, iliyozungushwa mara mbili, yenye saa zake zimeandikwa, yenye malaria na selimundu ndani yake kwa makusudi, ambayo kila kipimo kipya kingepitishwa hapo kwanza kabla ya kuruhusiwa kugusa mgonjwa. Friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta la uhakika vinagharimu. Bado ni nafuu kuliko kununua kipimo kilichothibitishwa kwa damu isiyofanana na yetu.

Narudi kwa yule mtoto wa kichupa cha pili. Tuseme pamoja na malaria ana uvimbe kwenye taya, na daktari anamshuku kuwa na limfoma ya Burkitt. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kipande cha nyama kinasubiri mtu wa patholojia, ambaye yuko mji mwingine. Plazima yake iko hapa, nyekundu, ndani ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na ubavuni mwa kichupa mtu ameandika kwa kalamu: saa 3:10 asubuhi, mshipa umepatikana mara ya kwanza, malaria ipo.